Kiti cha Kushoto

Alishona kola za mashati kwa miaka ishirini na minne, kisha kiwanda kikafungwa, akamwaga unga pamoja na wenzake wote wa chumba cha kola. Wenzake walilia. Yeye alirudi nyumbani, akavua viatu, akatangaza kwamba atakuwa dereva wa lori. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Binti yake, ambaye ni muuguzi na hupenda kupima watu presha hata kabla hawajaugua, alimpima palepale. Presha ilikuwa sawa. Binti akapima tena, maana hakuamini.

Lakini mama huyu hakukurupuka, kwa sababu mwalimu alikuwa naye ndani. Mumewe alikuwa mtu wa malori kwa miaka thelathini, mpaka nyonga ilipomharibikia akabaki na mkongojo na redio. Mtaa mzima ulimwita Dereva. Watoto waliitwa watoto wa Dereva, na yeye akienda dukani aliitwa mke wa Dereva, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Shule ya udereva ilimpa leseni. Mengine yote alipewa na mumewe, kila siku baada ya chai ya jioni, mezani jikoni. Mfuniko wa sufuria ndio usukani, mwiko ndio gia, na ndala tatu sakafuni ndizo klachi, breki na mafuta. Mumewe alitoa mlio wa injini kwa mdomo, tena bila kucheka hata kidogo, hadi jirani akaja kuuliza kama mzee ana pumu.

"Usitazame ndala," alikuwa akimwambia. "Sikiliza injini."

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa mlima. "Ukimaliza kupanda utaona mwamba mweupe. Uko karibu na barabara, ukitoa mkono unaugusa. Mwamba ukiwa sawa na kiwiko chako, uwe umeshashusha gia mpaka ya tatu. Ukichelewa hapo, lori ndilo litakaloamua." Mama aliyakariri maneno hayo kama sala, akiyasema hata akiosha vyombo.

Kampuni, ileile aliyoifanyia kazi mumewe, ilikuwa na utaratibu wake. Dereva mpya husafiri safari ya kwanza na dereva mkongwe, na wakirudi mkongwe hutia saini fomu. Asipotia, hakuna kazi. Mama alipangiwa mzee anayeitwa Kobe, mfupi mwenye shingo ndefu, na pale yadi hakuna aliyekumbuka tena kama jina hilo lilitokana na shingo au na mwendo wake. Mzee alimsalimia vizuri, akamwita shemeji, akapanda kiti cha kushoto na chupa yake ya chai. Nyuma yao kulikuwa na tani ishirini na nane za saruji.

Asubuhi yote ilikwenda salama. Mama alipanda mlima kwa utulivu mpaka Kobe akasinzia, au akajifanya anasinzia. Walipofika juu, mama aliweka kiwiko cha kulia dirishani, akaanza kuungojea mwamba wake.

Mwamba haukuja. Upande wake kulikuwa na njia ya magari yanayopanda, na ng'ambo yake bonde. Lori likaanza kuinamisha pua. Akasikia injini inapandisha sauti, taratibu, kisha si taratibu tena. Masikio yalimwambia shusha gia. Lakini mwamba bado, na Baba watoto amesema mwamba, na mama huyu alimwamini mumewe kuliko masikio yake mwenyewe.

"Shemeji," alisema Kobe. "Gia."

"Mwamba bado."

"Mwamba huu hapa, unapita."

Mama alitupa jicho kushoto. Jiwe jeupe lilikuwa limejaa dirisha zima nyuma ya kichwa cha Kobe, karibu kiasi cha kuguswa, na sekunde iliyofuata halikuwepo.

Akakanyaga klachi. Gia ilikataa, ikasaga meno. Akaongeza mafuta kidogo, akajaribu tena, ikaingia, na injini ikanguruma hadi kioo kikatetemeka. Saruji yote ilikuwa ikimsukuma mgongoni. Alikanyaga breki akaachia, akakanyaga akaachia, harufu ya kuungua ikaingia ndani, na kona ya kwanza waliimaliza matairi ya kushoto yakiwa yanakula changarawe za ukingoni. Kwenye ya pili walikuwa na mwendo wa watu wazima. Chini kabisa kulikuwa na uwanja wa kuegesha. Alisimama hapo, akavuta breki ya mkono, akashindwa kuachia usukani.

"Aliniambia uko kiwikoni," alisema. "Alisema usawa wa kiwiko changu."

"Nani?"

"Baba watoto."

Kobe alifikiri kidogo, akacheka kwa upole. "Kiwiko chake, ndiyo. Si alikuwa anakaa hapa nilipokaa mimi?"

"Siku akiwa amechoka?"

"Siku zote, shemeji. Miaka kumi na tisa na mimi, na kabla yangu na wengine. Mimi sijapata utingo kama yule. Turubai akilifunga yeye, mvua inazunguka haipati pa kuingilia. Kupanga mzigo, kuweka gogo nyuma ya tairi, kukuongoza ukirudi nyuma, usiseme."

Mama alimtazama. Wazo lililomjia kwanza ni kwamba mzee huyu ana wivu, tena wa siku nyingi. Akaamua kumkamata.

"Na siku breki zilipogoma?" Kisa hicho mumewe alikisimulia kila sherehe. Alikisimulia hata kwenye harusi ya binti yao, kipaza sauti mkononi, akionyesha jinsi alivyolipeleka lori likajisugua kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama.

Uso wa Kobe ulichangamka. "Amekusimulia? Palepale kwenye kona ya kwanza. Mimi nimeng'ang'ania usukani, yeye kafungua mlango huu, kachungulia nje, ananiambia bado, bado, bado, sasa. Angeweza kuruka, shemeji. Hakuruka." Kisha akamwona mama alivyokaa, na uchangamfu ukamtoka. "Kumbe ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua," alisema mama.

Kobe alimmiminia chai, akageuka kutazama nje ili mwenzake asitazamwe. Mama alishika kikombe bila kunywa. Miaka ishirini na tisa ya ndoa. Akakumbuka shemeji zake walivyompa mumewe gari awaendeshe, na yeye akasema dereva akiwa likizo hashiki usukani, na watu wote wakaona ni maneno ya mtu anayejiheshimu. Akakumbuka alivyokatazwa kufika yadi, eti si mahali pa wanawake. Vyote vilikuwa mbele ya macho yake, na yeye alikuwa mtu wa kola, mtu wa kuona uzi mmoja ulioruka. Hasira ilikuja baadaye kidogo, na ilipokuja ilikuwa na sababu nzito kuliko uongo wa jina. Mtu huyu, ambaye hajawahi kushusha lori hata kwenye tuta, ndiye aliyemfundisha kuushuka mlima.

Walishusha mzigo, wakalala huko, kesho yake wakarudi. Getini Kobe alitia saini bila kuombwa. "Ulichelewa mara moja, ukashtuka," alisema. "Wako wasioshtuka."

Mama alifika nyumbani saa kumi alasiri. Mumewe alikuwa jikoni, amevaa viatu, redio imezimwa. Mama hakumsalimia.

"Nusura uniue."

Mumewe hakuuliza anamaanisha nini. Aliuliza, "Nimekosea wapi?"

"Mwamba."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Huo sikuugeuza," alisema. "Kila kitu nilichokuwa nakufundisha nilikigeuza kwanza kichwani, cha kushoto nakipeleka kulia. Mizani niligeuza, madaraja niligeuza. Huo nimeuona kiwikoni miaka yote, nikausahau."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipokuja kuposa nilisema niko na malori. Mama yako akasema, aa, dereva. Nikanyamaza siku hiyo moja tu." Alitazama mkongojo wake. "Kujaribu nilijaribu, mara mbili. Nikishika usukani mguu huu unatetemeka, siuwezi."

"Mimi nauliza kuhusu mwaka huu. Ulipoanza kunifundisha."

"Ningekwambia, ungeacha kunisikiliza. Na wewe lazima ungekwenda tu, nakujua."

Mama alifungua mdomo amjibu, lakini mumewe aliendelea.

"Ndiyo maana nikaenda yadi. Mwezi uliopita, ulipokuwa kwenye mtihani. Nilimwomba Kobe asiache mtu mwingine akae na wewe safari ya kwanza. Wako wengine wawili. Mmoja anakunywa, mmoja ana haraka."

"Kobe ndiye aliyeniambia."

"Nilijua ataniumbua. Yule hajui kunyamaza, na hata hakujua kuna la kunyamazia."

"Ulijua, na bado ukaenda kumwomba."

"Ningemwomba nani?"

Mama aliketi. Hasira aliyoibeba tangu mlimani alikuwa nayo bado, nzima, ila sasa hakujua aitue wapi. Mbele yake alikaa mwanamume mmoja, na hakuwa na hakika kama anamfahamu. Maji ya chai yakachemka mekoni, na hakuna aliyenyanyuka kuyaepua.

"Jumatatu wananipeleka njia ya migodini," alisema mwishoni. "Iko vipi?"

Mumewe alikaa sawa kitini na kuvuta pumzi, vilevile anavyofanya siku zote akitaka kuanza kusimulia. Kisha akaiachia.

"Ile siijui," alisema. "Sijawahi kufika."

Mama hakuwahi kumsikia akisema hivyo, si kuhusu barabara. Ilimshtua kuliko yote ya siku mbili zile.

"Basi nikirudi," alisema, "nitakueleza."