Mistari ya Nyumba ya Mutindi

Mutindi alipewa nakala ya kwanza ya programu ya mazishi ikiwa bado ina joto la mashine, akaisoma akiwa amesimama pale kwenye saiba, duka la kompyuta la mjini Tawa. Alipofika penye familia, damu ilimpanda kichwani.

Yeye na mke mwenzake Katunge walikuwa wamepanga vizuri: jina la mke, chini yake wanawe, kila jina kwenye mstari wake. Katunge kwanza, kwa kuwa ndiye mke mkubwa, kisha yeye. Sasa yote yalikuwa yamesongamana katika aya moja: Marehemu Nzomo ameacha Katunge Mbuvi Kanini Mutindi Mutisya Muthoki.

"Wavinya! Mimi ni mtoto wa Katunge?"

Msichana wa saiba aliinua macho. "Mwaitu, mama yangu, nilinyoosha tu. Mistari ilikuwa mifupi mifupi, nikachagua yote, nikabonyeza, ikajaa vizuri."

"Ikajaa! Kesho ukoo mzima usomewe hivi kaburini? Siku ya kugawa shamba nani atasema nilikuwa na nyumba yangu?"

"Mama Mutisya, shusha sauti," alisema Mbaluka, mdogo wa marehemu, kutoka kwenye benchi. "Ni mimi nilimwambia abane. Hapa kila mtu anakujua."

"Wananijua leo, shemeji. Karatasi hizi zitakaa masandukuni hadi wanaonijua waishe."

"Hasira za mjane," Mbaluka akacheka.

Mutindi alivuta kiti, akaketi bega kwa bega na Wavinya. "Rudisha."

Wavinya akabonyeza, majina yakashuka mahali pake. "Mashine haijui mke wala mtoto, mwaitu. Ikiona mistari imefuatana, inaiunganisha. Ukiacha mstari mtupu katikati, haivuki."

"Basi acha mtupu kati ya nyumba ya Katunge na yangu."

"Lakini hapo ukurasa hautatosha."

Mutindi alishusha macho hadi chini ya ukurasa. "Hizi salamu za shemeji mbona ndefu hivi? Anza hapo kubana."

Mbaluka aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Hayo ni maneno yangu ya mwisho kwa ndugu yangu!"

"Nusu yake ni jinsi wewe ulivyojenga kanisa. Wewe kesho utapewa maikrofoni, utasema yote. Mimi nitaambiwa nikae na kilio changu. Wavinya, futa nusu hiyo."

Wavinya alimtazama mzee, akamtazama mjane, kisha akafuta. Mbaluka akatoka bila kuaga.

Mutindi alibaki kando ya mashine, akichomoa kila karatasi inayotoka na kuisoma penye majina.