Fizikia kwa Miaka Miwili

Tamsin Oleksyn aliipanga shahada yake ya fizikia jikoni kwao, Saskatoon, kabla hata hajaanza chuo. Wenzake wangesoma miaka minne, yeye miwili. Kiangazi angesoma, Krismasi angesoma, kisha moja kwa moja kwenye udaktari wa fizikia. Baba yake aliutangaza mpango huo kwa furaha mtaa mzima, hata mzee mmoja akamfuata Tamsin dukani na kumwonyesha goti.

"Mimi si daktari wa magoti, mzee."

"Najua, mjukuu wangu. Bado."

Profesa Halvorsen, mama mshauri wa wanafunzi, aliusoma mpango akitafuna karoti.

"Na kulala umekuweka muhula gani, binti?"

"Nitalala nikishahitimu, Profesa."

"Na maabara?"

"Nimezibana zote mwishoni."

Profesa akacheka hadi karoti ikampalia. "Hebu shuka chini kwa Rafe, anasomea huo udaktari unaoukimbilia. Msaidie mpaka saa sita, halafu uje tubishane."

Rafe alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wa chuma uliotakiwa usibaki na hewa ndani. Ulikuwa unavuja, na hakujua wapi.

"Tangu lini?" Tamsin akauliza.

"Tangu theluji ya kwanza."

Tamsin akachungulia dirishani. Baridi ilikuwa imekwisha, miti imeshachipua.

Wakaanza kupaka spiriti kwenye kiungo kimoja kimoja, macho kwenye geji ya kupima hewa; penye tundu spiriti ingepenya ndani na mshale ungeruka. Mshale haukutikisika. Saa sita ikapita, njaa ikaja, nayo ikapita. Jioni, Tamsin akiwa chali chini ya meza, alilowesha nati iliyojificha nyuma ya bomba. Mshale ukaruka. Rafe akapiga ukelele, akamkumbatia Tamsin, kisha akaukumbatia mtungi, kwa muda mrefu zaidi.

Tamsin alipanda ngazi mbiombio, mafuta usoni.

"Miaka mitatu, Profesa! Na maabara kila muhula!"

"Mbona hubishani?"

"Sina nafasi, Rafe ananisubiri."

Nyumbani, baba yake aliacha kijiko hewani. "Mitatu? Wamekufukuza nusu?"

"Hawajanifukuza, baba. Nimenogewa."

"Basi nenda wewe ukawaeleze majirani. Mimi sitoki nje."

Asubuhi Tamsin alimkuta Rafe amepiga magoti palepale.

"Pale tumeziba," Rafe akasema kinyonge. "Sasa unavuja kwingine."

Tamsin akavua koti, akaomba spiriti.