Mkono Aliouchonga Nadra

Jumamosi moja ya mwaka 2001, gari la mizigo lilishusha kwenye karakana ya Thani, huko Rusayl, sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mti Italia miaka mia tano nyuma, zama za Mwamko wa sanaa. Alikuwa uchi wa mnyama, na mkono wa kulia hana. Mwenyewe, Bwana Aflah wa Bawshar, alitaka atengenezwe kabla ya karamu ya nyumba yake mpya.

Thani, mtu wa haya, alimpa mgongo muda wote wa kuchonga. Mkono ukatoka wa kushoto. Alipoubandika, mwanamke aliutazama, akaung'oa na kuuweka mezani.

"Ana haki yake," alisema Nadra, dada mkubwa wa Thani. "Yote miwili ya kushoto, atakula kwa upi?"

"Mtu kakaa uchi, Da Nadra, nimtazame vipi?"

Nadra alileta doti ya kanga kutoka nyumbani Mabela. Moja akamvisha mgeni, ya pili akajifunga mwenyewe, kama wanavyogawana ndugu. Kisha akashika patasi. Miaka ishirini alikuwa akichonga milango na masanduku ya karakana ile, na yote yalitoka kwa jina la Thani, maana wateja, eti, hawataki mlango wa mwanamke.

"Safari hii nnataka jina langu kwenye kibao cha fundi," alisema.

"Inshaallah," alijibu Thani, kama alivyojibu kila mwaka.

Kazi ilichukua siku tisa. Mkono ulipowekwa, mwanamke alikunja vidole, akaikaza kanga yake, akamega halwa kwa mkono wa kulia.

Karamuni, kibao cha shaba kilisema: Fundi, Thani. Nadra alikisoma, roho ikamuuma. Bwana Aflah akamwita fundi mbele ya watu, na Thani akajongea kumpa sanamu mkono. Mwanamke akashuka jukwaani, akampita, akaenda mpaka walikosimama wanawake, akaushika mkono wa Nadra na kuubusu kama mjukuu. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nadra alicheka kwa sauti, kicheko cha miaka ishirini.

Kibao hakikubadilishwa. Mpaka leo kinamtaja Thani. Wageni wakija, mwanamke hukifunika kwa pindo la kanga. Bwana Aflah huomba radhi, huliinua pindo, nao husoma. Akigeuka tu, pindo limeshashuka, na mkono wa kulia umelikandamiza.