Mahali pa Kugeuzia Gari

Wafugaji wa bata mzinga hawana likizo ya kiangazi. Reed na Janeal Oveson wa mji mdogo wa Ephraim, katika jimbo la Utah, walikuwa na wiki tatu tu za kupumua kwa mwaka mzima. Ni zile za Januari, mabanda yakiwa matupu kwa sababu ndege wote wameshachinjwa kwa sikukuu na vifaranga wapya bado hawajaletwa. Kwa miaka ishirini na sita wiki hizo zilikwisha hivihivi, wakiziba paa, wakiugua mafua, au Reed akiwa kwa jirani fulani, kichwa ndani ya trekta ya watu.

Mwaka huu Janeal alikataa.

"Tunakwenda kuyaona makorongo," alisema. "Hifadhi zote tano za Utah. Watu wanapanda ndege kutoka Japani kuja kuziona, na sisi tuko mlangoni hatujui hata rangi zake."

"Na baridi hii?"

"Na baridi hii. Hakuna foleni."

Reed alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Hakuweza kumpita mtu aliyekwama. Fungate yao ilikuwa iishie kwenye korongo kubwa la Arizona, lakini njiani walimkuta mtu ambaye ng'ombe wake ametumbukia mtaroni. Ikawa kuvuta kamba siku nzima, kisha kumngoja daktari wa mifugo, kisha kula kwa yule mtu, mwisho wakarudi nyumbani. Kanisani wanawake walimwambia Janeal, "Mwenzetu umeolewa na malaika." Naye alitabasamu, akikumbuka vyakula vyote vilivyopoa mezani akimsubiri malaika huyo.

Siku tatu za kwanza zilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Theluji ilikaa juu ya mawe mekundu kama sukari juu ya keki, na mahali pengine walikuwa peke yao, nyayo zao tu nyuma yao. Walikula mikate ndani ya gari, kipasha-joto kikinguruma, wakanywa chokoleti ya moto kwenye chupa moja. Reed alimshika mkono penye utelezi, jambo ambalo hakulifanya tangu mtoto wao wa mwisho aondoke nyumbani. Ila siku ya tatu aliteleza mwenyewe, goti likavimba. Akameza vidonge viwili vya maumivu, na siku ya nne Janeal akashika usukani.

Waliondoka mji wa Torrey saa sita na nusu mchana, wavuke Mlima Boulder wafike hifadhi ya Bryce kabla jua halijazama. Janeal alikuwa amesoma kwamba machweo ya Bryce wakati wa theluji hayana mfano wake. Hawajapanda hata nusu ya mlima, Reed alikuwa anakoroma, kichwa kwenye kioo.

Wakati wanakaribia kilele, theluji ilianza kudondoka, nyepesi tu. Hapo ndipo alipomwona yule mzee. Pikapu ya zamani, nyeupe, imebeba marobota ya majani makavu, boneti iko wazi. Mzee amesimama kando yake na kofia yenye masikio, mkono mmoja ameuinua. Hakuupunga. Aliuinua tu, kama mtu anayemwona jirani yake anakuja.

Janeal aliondoa mguu kwenye mafuta. Akamtazama Reed. Alijua yatakayofuata kana kwamba yameshatokea: Reed atachechemea nje na goti lake, ataingia chini ya gari, ataomba spana, kisha watamvuta mzee hadi kwake, kisha watakaribishwa supu. Na Bryce itakuwa kama lile korongo la Arizona. Siku moja tu, alijiambia. Moja tu iwe yangu. Atakuja mwingine.

Macho yake na ya yule mzee yakakutana kwenye kioo cha mlango. Kisha akakanyaga mafuta.

Reed alijigeuza kidogo. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Lala."

Kuteremka upande wa pili theluji ilizidi hata akawasha taa. Alitazama kioo cha nyuma mara kwa mara akitafuta gari jingine. Hakuliona.

Saa kumi kasoro walifika kwenye lango la Bryce. Askari wa hifadhi, kijana wa kike aliyejifunga skafu hadi puani, aliinama dirishani.

"Mmetokea Torrey? Mna bahati. Njia ya mlimani imefungwa saa moja iliyopita." Akawatazama wote wawili. "Kuna mzee wa kijiji cha Boulder hajarudi nyumbani na hatujui alielekea wapi. Hamkumwona mtu yeyote huko juu?"

"Mimi nilikuwa nimekufa kwa usingizi," Reed alisema, akamgeukia mkewe. "Wewe je?"

Jibu lilikuwa hapo mdomoni. Lakini alikuwa akitazamwa na Reed, na uso wa Reed ulikuwa mweupe na safi kama wa mtoto aliyeamka.

"Sikumwona mtu," Janeal akasema.

Waliwahi machweo. Walisimama ukingoni, na chini yao maelfu ya minara ya mawe ikawaka rangi ya makaa, kila mmoja na kofia yake ya theluji. Ndiyo hayo aliyoyatamani. Hakuona kitu. Aliona kofia yenye masikio. Reed alimkumbatia kwa nyuma, kidevu juu ya bega lake.

"Umefanya vizuri kunileta," akamwambia sikioni. "Mimi ningekufa bila kuona hiki. Nisamehe kwa miaka yote hii, mama."

Angempiga kofi, asingemuumiza kiasi hicho.

Hakulala usiku ule. Asubuhi Reed alimkuta amekaa garini, koti limefungwa hadi shingoni, injini imezimwa. Akaingia upande wa pili akilivuta goti lake.

"Unaumwa?"

"Nilimwona, Reed."

"Nani?"

"Yule mzee. Karibu na kilele. Gari limeharibika, ameinua mkono. Nikampita."

Reed aliuliza polepole, "Theluji ilikuwa imeanza?"

"Ilikuwa imeanza."

"Na mimi nilikuwa hapo hapo."

"Ulikuwa hapo hapo."

"Janeal, kwa nini hukuniamsha?"

"Kwa sababu ungesimama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ungesimama, tungekaa naye hadi giza, na mimi ningekuwa tena kwenye jiko la watu nikinywa supu yao. Nilikuwa nimechoka kuwa na mume wa kila mtu."

Reed alifungua mlango, akashuka, akaanza kuchechemea juu ya barafu kuelekea ofisi ya askari wa hifadhi, bila fimbo na bila kofia. Janeal akamfuata. Mlangoni Reed alisimama kando akampisha.

"Sema wewe," alisema. "Mimi sikuona."

Janeal akasema. Yule askari wa jana aliandika kila neno bila kuinua kichwa: rangi ya pikapu, saa, kona gani. Akazungumza kwenye redio, akasikiliza, akaiweka chini.

"Wamempata," alisema. "Sasa hivi, dereva wa gari la kuzoa theluji. Alijificha ndani ya choo cha watalii, maili mbili kutoka kwenye gari lake. Yuko hai. Miguu ndiyo mibaya." Akafunga daftari. "Jana walitafuta upande wa Escalante, si mlimani, usiku kucha. Hakuna aliyejua kama alikwenda huku au kule." "Asante kwa kuja, mama."

Mzee alipelekwa hospitali ya Panguitch, na Reed aliendesha hadi huko, goti na yote. Alizima gari mbele ya mlango. Hakushuka.

Mzee aliitwa Arvel Tuckett, mwenye miaka sabini na nane. Alikuwa amelala kwenye mito mitatu, uso mwekundu kama uliochapwa, miguu imezungushiwa bandeji hadi ikawa minene kama magogo. Janeal alisimama mlangoni na chupa ya maji ya machungwa aliyoinunua hapo chini, akajiona mjinga nayo.

"Mzee Tuckett, mimi huniju—"

"Nakujua," mzee alisema. "Gari la kijani. Mwenzio amelala dirishani."

Janeal akakalia kiti bila kukaribishwa.

"Uliniangalia," mzee akaendelea, bila ukali, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Ukapunguza mwendo, kisha ukaenda. Nikasema, huyu mama ana akili. Pale ni kwenye kona, pembamba, akisimama atagongwa. Anakwenda kutafuta mahali papana ageuze gari. Najua mahali penyewe, ni nusu maili mbele. Nikafunga boneti, nikakaa kukungoja."

"Ulinisubiri?"

"Saa nzima. Zaidi, nadhani. Nilikuwa na nguvu bado na mwanga ulikuwepo, ningeweza kwenda mapema. Lakini nikasema, nikiondoka atarudi asinikute, atahangaika bure." Akakohoa. "Nilipoanza kutembea njia ilikuwa haionekani."

Janeal alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kufukuzwa. Hili hakujiandaa nalo. Alijaribu kusema neno, yakamtoka machozi badala yake, akayafuta kwa kiganja, yakarudi.

"Nisamehe, mzee wangu. Sina la kujitetea. Nilitaka kuwahi machweo."

"Machweo?"

"Ya Bryce."

Mzee alimtazama. "Yalikuwa mazuri?"

"Sikuyaona."

"Basi wote tumepata hasara." Akageuza uso dirishani. "Kesho watanikata vidole vitatu, mguu wa kushoto. Ukitaka nikwambie si kitu, sitaweza, ni vidole vyangu na nimekaa navyo muda mrefu. Lakini kukulaani nako sina nguvu. Mume wako yuko wapi?"

"Nje. Hataki kuingia."

"Anajua mifugo?"

"Tunafuga bata mzinga."

"Si mifugo hiyo." Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulichezacheza. "Nina punda wawili na farasi kipofu, hawajala tangu jana asubuhi. Binti yangu anatoka Nevada, hafiki hadi keshokutwa. Ufunguo wa banda uko chini ya ndoo. Yule kipofu mwiteni jina kabla hamjamgusa. Anaitwa Pearl."

Mbele ya Janeal kulikuwa bado na hifadhi moja, Zion, na chumba kilichokwisha kulipiwa. Hakikumjia akilini hata kidogo.

Walikaa kwa Arvel siku mbili. Njia ya Escalante, isiyopita mlimani, ilikuwa wazi, na marobota ya majani waliyapata kwa jirani. Reed alivunja barafu kwenye birika la maji kwa shoka, Janeal akabeba majani, akazoa kinyesi, akajifunza kusimama mbali na kuita, "Pearl, Pearl, ni mimi," hadi masikio yale yakageuka. Jioni walikula maharage ya kopo mezani kwa mzee. Siku ya pili, wakiwa wameegemea ukuta wa banda, Reed alisema bila kumtazama:

"Kumbe nimekuchosha hivyo. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unatafuta mnyororo wa kumvuta mtu."

Reed alicheka kidogo, kicheko kilichokatika haraka. "Bado nina hasira nawe, Janeal."

"Najua."

"Na nafsi yangu nina hasira nayo pia. Sijui nianze na ipi."

"Anza na yangu," alisema. "Ndiyo kubwa."

Binti wa mzee, Connie, alifika saa sita mchana, mwanamke mrefu mwenye macho mekundu ya kuendesha gari mbali. Alimkuta Janeal bandani, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu awabariki. Baba amesema kuna watu wema wanalisha wanyama. Hamumjui hata kumjua, jamani!"

Reed alikuwa nje, akifunga mizigo. Janeal angeweza kunyamaza, akapokea shukrani ile, akaenda zake. Mzee mwenyewe alikuwa amemfungulia njia.

"Dada," Janeal alisema, "mimi ndiye niliyempita."

Connie hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Mikono yake ikalegea, ikateremka. Alimtazama Janeal kuanzia viatu vyenye samadi hadi usoni, kisha akachukua uma wa majani uliokuwa ukutani.

"Nitaendelea mwenyewe," alisema.

Janeal akampisha. Walirudi Ephraim siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata vifaranga elfu nane wakaletwa, kazi ikaanza.

Tangu hapo kila Jumapili, akitoka kanisani, Janeal humpigia Arvel simu. Siku nyingine mzee hupokea, wakazungumza habari za theluji, za Pearl, za kiatu kipya alichoshonewa ambacho kinambana. Siku nyingine akipokea Connie, aliyebaki kumuuguza baba yake, hukata bila salamu. Reed huwa jikoni akikaanga mayai, na hupunguza moto ili asikie.

Jumapili moja ya Machi simu iliita hadi ikanyamaza. Janeal aliiweka mezani, akala, akaosha vyombo, akaikausha mikono vizuri. Kisha akapiga tena.