Mpaka ni Mpaka

Nadine alikuwa akivaa soksi za pili juu ya za kwanza, na kiatu kilikataa kuingia.

"Sukuma," Odessa alimwambia. "Kisigino kwanza."

"Kinanibana, Mama."

"Heri kubanwa kuliko baridi. Sukuma."

Boila la kupasha joto shule ya Tolliver, alikosoma Nadine, lilikuwa limekufa tena. Jana watoto walisoma na makoti mwilini, na mwalimu wa hesabu alifundisha na glavu, kalamu ikimponyoka kila mara. Mwalimu wa sayansi aliacha kazi majani yalipopukutika, na hajaletwa mwingine. Kipindi chake kikifika, watoto hupelekwa ukumbini kutazama filamu ya pengwini, ile ile moja. Nadine alikuwa ameshaikariri.

"Mama, shuleni kwa kina Brielle kuna joto?"

"Kunywa uji wako."

Jibu Odessa alilijua kuliko mtu yeyote wa mtaa wao wa Mercer, kwa maana ndiye aliyekuwa akiisafisha shule hiyo, Orchard Hill. Orchard Hill ilikuwa na joto hadi vyooni. Mji ulikuwa mmoja, bodi ya shule moja, reli katikati: Mlimani kwa Wazungu na Bondeni kwa weusi. Hakukuwa na kibao cha kumkataza mtoto mweusi kupanda mlima. Vibao vya namna hiyo viling'olewa enzi za bibi yake. Siku hizi kulikuwa na ramani ya bodi tu, yenye mstari wa nani asome wapi, na mstari huo ulipofika nyuma ya Mercer ulikata kona kama mtu anayekwepa matope. Odessa aliruhusiwa kuuvuka kila alasiri, na ndoo yake.

Alasiri hiyo alifagia chumba cha muziki. Fidla zilipangwa rafuni, kila moja na jina la mtoto. Ya tatu ilikuwa ya Brielle Tibbs. Odessa aliipangusa vumbi kama nyingine zote, ila hiyo aliipangusa kwa nguvu zaidi.

Brielle alikuwa mtoto wa Charmaine, na Charmaine alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Odessa na Charmaine walilelewa na Bibi Lucille, wakilala kitanda kimoja, na kila jioni Bibi alikunja blanketi la kijani akalilaza katikati yao. "Mpaka ni mpaka," alikuwa akisema. "Atakayevuka atalala sakafuni." Charmaine ndiye aliyekuwa akivuka, kwa miguu yake ya barafu. Odessa ndiye aliyekuwa akipiga kelele, na siku zote aliyelazwa sakafuni ni mwenye kelele.

Ukubwani Charmaine hakuacha tabia. Alikuwa akimuuguza bikizee mmoja wa Kizungu huko Mlimani, Bi Haverkamp, na alipomwandikisha mtoto shule alitaja nyumba ya bikizee kuwa ndiyo kwao. Kila alfajiri alimpitisha Brielle mlango wa jikoni, akamlisha mayai, kisha akamtoa kwa mlango wa mbele na mkoba mgongoni, majirani wakiona. Mtu pekee aliyeambiwa ni Odessa. "Kwako wewe siri yangu iko kaburini," Charmaine alisema.

Jumapili Brielle alipiga fidla kanisani. Akapiga ule utenzi waliomzikia Bibi Lucille, na wazee wakalia, na mama wa kwaya akapaza sauti, "Piga, binti! Piga, Mungu anakuona!" Charmaine alikaa kiti cha mbele na kofia ya zambarau pana kama sinia. Nadine, kando ya mama yake, alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mtoto hakuwa na wivu hata chembe. Alimwachia mama yake wote.

Baadaye, kwenye chumba cha chakula, kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini vikiwa mezani, Charmaine alikuja na sahani yake.

"Umemsikia mwanao?"

"Nimemsikia."

"Mwalimu wake anasema ni kipaji. Lakini kipaji bila shule si kitu, mwenzangu. Mtoto hupiganiwa."

"Mchungaji anasema mstari utasogezwa," Odessa alisema. "Mercer yote itaingia Orchard Hill. Bodi itasikiliza watu mwezi huu huu."

"Na mimi nitasimama kusema, sitakaa kimya. Lakini wewe umewahi kuona Mzungu akisogeza uzio wake mwenyewe? Mtafutie Nadine njia." Charmaine alishusha sauti. "Juzi nimemsikiliza akisoma. Anakwama, Odessa. Mtoto wa miaka kumi, anasoma neno kwa neno kama anaokota kokoto. Nakwambia kwa sababu wewe ni dada yangu."

Kisha, bila kuulizwa, akakata kipande cha pai ya viazi vitamu, akakiweka kwenye sahani ya Odessa na kumpigapiga begani.

Loo! Pai ile haikushuka. Angekuwa amemtukana, Odessa angejua la kumjibu. Lakini kuhurumiwa, na Charmaine! Charmaine aliyekuwa akinakili hesabu zake darasani, Charmaine ambaye hadi leo hajui saba mara nane! Odessa hakulala vizuri, na asubuhi aliamka na wivu ule ule. Wivu ni kidonda, walisema waliosema. Yeye hakutaka dawa, alitaka mwenzake naye augue.

Kwenye ukuta wa Orchard Hill, karibu na ofisi, palikuwa na tangazo ndani ya kioo, na kioo hicho alikuwa akikifuta kila siku. Lilisema: *Unamjua mtoto anayesoma hapa bila haki? Tupigie. Jina lako halitatajwa.* Siku hiyo alikifuta, akaingia chumba cha mifagio, akafunga mlango na kupiga.

Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti tamu. Aliandika jina la mtoto, jina la mama, na nyumba ya bikizee.

"Na wewe mama unakaa wapi? Mtaa tu unatosha."

"Bondeni."

"Aa! Asante sana. Si wengi wa huko wanaotupigia. Unaweza kuniambia kwa nini umeamua kupiga?"

Odessa alitazama ndoo yake. "Mpaka ni mpaka," alisema. "Kama sisi wengine tunaukubali, na yeye aukubali."

"Umesema vizuri mno," alisema yule mwanamke, na Odessa alisikia vidole vikigonga, vikiandika.

Gari la kijivu la bodi ya shule likaanza kuegeshwa mkabala na nyumba ya Bi Haverkamp alfajiri. Wiki haikuisha. Odessa alikuwa akipiga deki koridoni aliposikia mlango wa darasa, na Brielle akatoka na koti lake, mwalimu mkuu nyuma yake akiwa amebeba fidla. Mtoto alipomwona alikimbia.

"Mama mkubwa! Waambie unanijua!"

Mwalimu mkuu alisimama akamtazama msafishaji. Odessa alikaza mikono kwenye mpini.

"Nenda na mwalimu, mwanangu," alisema. "Angalia usiteleze, pana maji hapo."

Wana wa bikizee walimfukuza Charmaine kazi siku iyo hiyo. Walisema hawawezi kumwachia mama yao mtu mwongo. Jumatatu Brielle aliingia Tolliver na kupewa kiti karibu na Nadine. Furaha ilikuja, tusidanganyane. Odessa aliwaona wakishuka njiani, wote wawili na soksi mbilimbili, na moyo wake ukasema: haya sasa, tuko sawa. Alipofika nyumbani na kuvua viatu, ilikuwa imeshaondoka, na Nadine bado alikuwa akikohoa.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa Orchard Hill ulijaa hadi mlangoni. Watu wa Bondeni walikaa kushoto na wa Mlimani kulia, hakuna aliyewapanga. Charmaine alimshikia Odessa kiti. Macho yalikuwa yamemvimba, kofia hakuvaa.

"Ni yule jirani mwenye mbwa," alinong'ona. "Nilikuwa namwona akichungulia. Mungu atamlipa." Akashika mkono wa Odessa akaung'ang'ania.

Kila msemaji alipewa dakika mbili na kengele. Bwana mmoja wa Mlimani alisema yeye haoni rangi, anaona magari tu, na barabara yao ni nyembamba. Mama mmoja alisema anawapenda watoto wote sawasawa, ila alinunua nyumba pale kwa ajili ya shule, na je, nani atamlipa nyumba ikishuka bei? Mwingine akauliza kwa upole kwa nini watu wa Bondeni wasiitengeneze shule yao wenyewe.

"Kwa pesa ya nani?" mzee mmoja alifoka kutoka kushoto. "Boila ni la bodi! Tumeomba mpaka ndimi zimeota sugu!"

Kengele ikalia, ingawa hakuwa amepewa zamu.

Kisha Charmaine akasimama. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye yule mama," alisema. "Mnayemwita mwizi. Niliiba nini? Niliiba kiti kilichokuwa kitupu. Darasani kwa mwanangu vilikuwapo viti vitupu, nimeviona. Kule kwetu watoto wanakalia madirisha. Sikuja kumwombea Brielle peke yake. Yuko mtoto wa dada yangu, Nadine, ana akili, nimemwona. Anakwama kusoma kwa sababu hana wa kumsomesha. Sogezeni mstari. Mkisogeza, hakuna mama atakayelazimika kusema uongo."

Upande wa kushoto ulisimama wote. Hata kulia palikuwa na waliopiga makofi, wachache, wakitazamana kwanza. Mjumbe mmoja wa bodi alifuta miwani. Odessa aliona, kwa macho yake, kwamba jambo hili lingewezekana kweli.

Mwenyekiti, Bi Hollenbeck, alingoja makofi yaishe. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

"Asante, Charmaine. Tumeguswa sote. Lakini tusidhani kuwa Bondeni wote wana maoni hayo. Habari za mtoto huyu hatukuletewa na mtu wa Mlimani. Tuliletewa na mama mmoja wa Bondeni, mama mweusi, mzazi. Sitamtaja, tulimwahidi. Lakini maneno yake yamenikaa moyoni." Akavaa miwani. "Alisema, 'Mpaka ni mpaka. Kama sisi wengine tunaukubali, na yeye aukubali.' Sasa, huyo naye mtamwita mbaguzi?"

Kulia walilipuka kwa makofi, na safari hii hawakutazamana kwanza.

Charmaine alirudi kitini polepole. Hakumtazama Odessa. Alikaa akaweka mikono mapajani.

"Blanketi la Bibi Lucille," alisema kwa sauti ya chini, "lilikuwa la rangi gani?"

Odessa aliinama kufunga kamba ya kiatu.

"Nakuuliza wewe."

"La kijani."

Charmaine aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Kisha akabeba koti lake, akapita magotini mwa watu, akaenda kusimama nyuma kabisa ukutani.

Kufikia siku ya kura maneno yale yalikuwa yamechapwa. Kila ua wa Mlimani ulikuwa na bango: MPAKA NI MPAKA, herufi za buluu, na chini kwa herufi ndogo: *Hata majirani zetu wanasema.* Odessa aliyapita kila alasiri akienda kazini. Bondeni watu waliulizana ni nani huyo, nani kati yetu, na mama wa kwaya akaapa kwamba ni uongo, hakuna mama kama huyo. Charmaine alikuwapo alipoapa, akasikia, akanyamaza. Kunyamaza huko kulimtesa Odessa kuliko kama angetajwa.

Bodi ilikaa, ikapiga kura, mstari ukabaki palepale. Wakasema wataunda kamati.

Watu walipotoka, Odessa aliingia na ufagio. Alikuwa na Nadine, kwa kuwa tangu siku ile hakuwa tena na Charmaine wa kumwachia. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la joto, akavua glavu na kuweka viganja juu yake. Sakafu ilikuwa imejaa vikombe na mabango.

Nadine alisoma moja lililoegemea kiti, kidole kikifuata. "M-pa-ka. Ni. Mpaka." Hakukwama sana. "Mama, nani alisema hivi?"

Bi Hollenbeck alikuwa akifunga mkoba wake mezani. Ndiye aliyejibu, kwa tabasamu, kwa maana alipenda watoto.

"Mama mmoja wa huko kwenu, mpenzi. Mama mwenye busara sana."

"Tunamjua?"

"Pengine mnamjua," Bi Hollenbeck alisema. Akavaa koti, na alipofika mlangoni aliona Odessa akiyakusanya mabango kuelekea pipa la taka. "Aa, hayo usiyatupe, mama. Yapange vizuri stoo. Mwakani watakuja tena na hoja hii hii, tutayahitaji."

"Ndiyo, Bi," alisema Odessa.

Alingoja hatua za mwenyekiti ziishe koridoni. Kisha akayapanga, moja juu ya jingine. Moja lilikuwa limekanyagwa. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akapiga magoti, akafuta alama ya kiatu mpaka herufi zikang'aa.