Alama Zinazopanda Ukuta

Wifi alifunga vifungo vya gauni kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu akianzia juu, alisema, lazima kifungo kimoja kibaki bila tundu. Mpiga pasi alisimama katikati ya chumba, mkono wa kulia ukining'inia kama taulo, akangoja. Baada ya vifungo kikaja kitambaa cha kichwa. Wifi alikikunja pembe tatu, akakizungusha, kisha akakaza fundo kisogoni mpaka nyusi za mwenzake zikapanda.

"Wifi, umenifunga kama gunia la mkaa."

"Gunia la mkaa halilalamiki," wifi alijibu, akaenda kutazama chai.

Wifi huyo alikuwa mke wa kaka yake. Kaka mwenyewe aliendesha lori la masafa marefu na nyumbani alionekana kwa nadra, kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi kwa kutaniana na kuchukuliana.

Bega lilikuwa limeumia kazini. Pale kiwandani walipofua mashuka ya mahoteli, mashuka yalianikwa juu ya bomba refu la chuma lililofungwa darini, kimo cha ukingo wa juu wa mlango. Wapiga pasi waliyavuta kutoka hapo, moja moja, wakayatandaza mezani yangali na unyevu, maana shuka likikauka kabisa mikunjo yake haitoki tena. Siku moja mpiga pasi alivuta shuka, na bomba likaja nalo.

Msimamizi alimpeleka zahanati kwa gari lake mwenyewe, na mpiga pasi hakuwahi kumnyima shukrani kwa hilo. Lakini njiani alimwambia kwamba bomba lile halijapata kuanguka tangu lifungwe, na kwamba bila shaka yeye alilivuta kwa pupa. Mpiga pasi alikuwa na maumivu makali, akaitikia. Alipokwisha kuitikia mara moja, aliendelea kuitikia hata kimoyomoyo. Msimamizi akaongeza kwamba nafasi yake itamngoja mpaka mvua ziishe. Akiweza kufikia bomba kwa mkono uleule, atarudi. Asipoweza, kazi itabaki kwa msichana aliyeishikilia kwa muda. Jioni hiyohiyo bomba lilirudishwa juu, safari hii kwa kufungwa waya.

Mtaalamu wa mazoezi wa pale zahanati alikuwa kijana mpole mwenye mikono ya baridi. Alimwonyesha zoezi moja tu. Asimame kando ya ukuta, aweke vidole juu yake usawa wa kiuno, kisha avitembeze kupanda, kidole kimoja baada ya kingine, kama mdudu asiye na haraka. Vikigoma, achore alama ya penseli mahali vilipofika. Kesho yake avuke alama hiyo hata kwa upana wa ukucha. Na asiruke siku, kwa sababu bega lina usahaulifu.

Nyumbani walichagua ukuta ulio kati ya mlango na kabati la vyombo, na lengo likawa ukingo wa juu wa mlango. Siku za mwanzo kila mtu alikuwa na hamu. Wifi aliacha hata kuchambua mchele ili amshangilie, akimwita mpanda milima. Alama ilitoka kiunoni ikafika kwenye mbavu. Kisha bega likagoma kabisa, na wifi akarudi kwenye mchele wake. Mpiga pasi alipanda, akaumia, akachora mstari juu ya mstari wa jana. Asubuhi moja ya mvua alijifunika shuka akasema leo hapana. Asubuhi iliyofuata alikuta alama imeshuka vidole viwili.

Alimwita wifi. Wifi alikuja na kijiko mkononi, akaitazama.

"Hukuja jana," alisema. "Ulitaka ikungoje wapi?"

Mpiga pasi alikuwa ameruka siku moja tu, lakini alama haikuuliza sababu. Alianza upya kutoka pale iliposhukia. Alipofanya zoezi, ilitulia alipoiweka. Alipokosa, ilishuka taratibu, ikiteleza kama tone la maji kwenye kioo, nayo haikuacha njia nyuma yake. Mama mwenye nyumba alipopita kudai taka zitolewe mapema, aliiona ikiteleza, akakasirika kidogo. Alisema rangi ya ukuta ule bado mpya, na kama alama ni za kutembea basi zitembee ukuta huohuo mmoja, zisimfikie sebuleni. Walimwahidi.

Hata hivyo, kuogopa alama kushuka hakukumtosha mpiga pasi. Mtu huchoka hata na hofu. Mvua zilikuwa zimefika katikati, na vidole bado vilikuwa kifuani. Alianza kusema kwamba mkono wa kushoto nao ni mkono, na kwamba kuna watu wanauza karanga kwa mkono mmoja na maisha yanakwenda. Wifi hakumbishia. Alimfunga vifungo bila utani wowote, na hilo lilimuuma kuliko maneno yake.

Katika siku hizo ndipo zilipotokea alama nyingine.

Ya kwanza ilikuwa upande wa kabati, usawa wa tumbo: vidoti vitatu na pengo mahali pa kidole cha shahada. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya mche. Ya pili ilikuwa juu zaidi, ya vidole virefu, rangi ya kahawia kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Mpiga pasi alizitazama huku akinywa chai yake. Zile za vidoti vitatu alizifahamu. Alikuwapo mpiga pasi mmoja wa zamani ambaye mashine ya kukamulia ilikula kidole chake, na kwa hiyo wenzake wakamwita Kidole, jina la kile asichokuwa nacho. Huyo aliondoka kazini ghafla, ikasemwa amekwenda kulea wajukuu. Zile ndefu hazikuweza kuwa za mtu mwingine ila Twiga, mnyoosha suruali za wahudumu wa mahoteli, ambaye naye aliondoka, ikasemwa ni mvivu.

Siku hiyo alipoinuka kufanya zoezi, alama zote mbili zilipanda pamoja naye. Aliposimama kupumua, zilisimama. Alipouma meno akaongeza ukucha mmoja, nazo ziliongeza ukucha. Kesho yake alikawia kitandani akisikiliza mvua. Alipochungulia aliziona zimejipanga palepale, tulivu, kama watu waliofika mapema na mwenye ufunguo hajaja. Alama zake zilikuwa zimeanza kushuka. Zao hazikushuka, wala hazikupanda. Aliona aibu, akainuka.

Tangu hapo hakuruka tena. Si kwamba maumivu yalipungua. Ila ni vigumu kulala wakati watu wamesimama ukutani kwako.

Mvua zilipoanza kukatika, alifunga safari kwenda kwa Kidole, aliyeishi na binti yake nyuma ya maduka ya mafundi cherehani. Alimkuta amesimama kando ya ukuta wa jikoni kwake, mkono juu. Mbele yake kulikuwa na mistari ya penseli, mifupi na iliyopinda kidogo kuelekea kushoto, kama alivyoichora mpiga pasi mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana ulichelewa."

Mpiga pasi alieleza kwamba jana walikuwa na foleni ya maji. Kidole akasema hilo analielewa, lakini kwa umri wake kusimama na mkono juu si mchezo. Kisha akamvutia kigoda. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Kidole alisimulia kwamba bomba lilimwangukia wakati wa kumalizia mashuka ya asubuhi. Aliambiwa ni mara ya kwanza. Aliambiwa amevuta kwa pupa. Akaona haya kumwambia mtu, akasingizia wajukuu, ambao wakati huo hata hawakuwa wamezaliwa. Twiga naye lilimpiga hivyohivyo.

"Kwa hiyo si mimi niliyevuta vibaya," mpiga pasi alisema.

"Mwanangu, kazi yenyewe si ni kuvuta?"

Mpiga pasi alirudi nyumbani kwa miguu ingawa kulikuwa na tope. Jambo hilo lilikuwa jepesi, na lilikuwa zito, na alilibeba kwa mabega yote mawili. Kesho yake vidole vyake vilipita kidevu. Siku chache baadaye vilipita paji la uso, na vya Kidole vikafuata kwa kusuasua, na vya Twiga vikiwa mbele kwa sababu ya urefu wake. Wifi alianza tena kuacha mchele. Alichukua upande wa Kidole, akisema yeye humwunga mkono anayechelewa, na Twiga akipita mbele sana alimwambia aache maringo.

Ukingo wa mlango ulifikiwa asubuhi ya jua. Mpiga pasi aliugusa, akauacha, akaugusa tena. Kisha akakaa kwenye kiti, akachukua kitambaa chake, akakikunja pembe tatu, akapeleka mikono yote miwili kisogoni na kufunga fundo. Lilikuwa fundo legelege, limekaa upande. Wifi alilitazama.

"Vibaya mno," alisema, akageuka upande wa jiko na kujifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kazini msimamizi alimpokea vizuri. Alimwambia avute shuka moja aone. Mpiga pasi alisogea pembeni ya bomba, si chini yake, akavuta, na shuka likamjia mkononi. Msimamizi akasema karibu tena. Yule msichana aliyemshikilia nafasi, ambaye wote walimwita Kicheko, alihamishiwa kwenye beseni la kutia mashuka meupe bluu, na vidole vyake vikawa na rangi hiyo siku zote. Waya wa bomba ulikuwa bado uleule, sasa umepakwa rangi nyeupe ili usionekane. Mpiga pasi alimweleza msimamizi kwamba bomba limeshaanguka mara tatu, na akamtajia juu ya nani. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akasema kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Akasema pia kwamba bomba halina neno, wenye neno ni wavutaji, kisha akaenda kupokea simu.

Mpiga pasi alimfundisha kila mtu kusimama pembeni. Wengi walifuata. Lakini mashuka yakizidi, hata wa kwenye beseni huitwa kuvuta, na mtu husimama popote palipo na nafasi.

Siku moja ya mapumziko alikuwa anajifunga kitambaa, na fundo siku hizo lilikuwa limeshika adabu, wifi alipomwita kutoka kwenye kabati la vyombo. Ukutani, usawa wa kiuno, kulikuwa na alama mpya za vidole vinne vyembamba vya rangi ya bluu. Bado zilikuwa mbichi.

"Huyu naye wa kwetu?" wifi aliuliza.

"Kicheko."

"Maskini." Wifi alisogeza ungo wa mchele ili kupata nafasi. "Mwambie basi asiruke siku."

Mpiga pasi alisogea ukutani. Juu, karibu na ukingo wa mlango, alama zake zilikuwa zimetulia, na jirani yake za Twiga, na chini kidogo za Kidole. Alinyoosha mkono wa kulia mpaka juu, akazigusa, kisha akaushusha taratibu, akapita paji la uso, akapita kifua, mpaka kiunoni. Zile nyingine mbili zikashuka naye. Akaweka vidole vyake kando ya vile vya bluu, akangoja mpaka vilipotikisika, ndipo akaanza kupanda, kidole kimoja baada ya kingine, pasipo haraka.