Upawa wa Mafuta ya Ng'ombe

Mama Karai hakuwa mtu wa kubana maneno, ila kulikuwa na moja ambalo halikuwa limewahi kumtoka. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajasogea kibandani, alichota upawa wa mafuta ya ng'ombe kutoka kwenye kopo la chini ya meza, akautumbukiza katika karai la mafuta ya alizeti. Basi, huo ndio uchawi wote. Ndio uliofanya chipsi zake zinukie hadi kwa kinyozi wa jirani, na watu wapange foleni kwake huku vibanda vingine vikipiga miayo. Ujanja huo aliachiwa na mama yake, naye aliuficha kama watu wanavyoficha umri.

Sasa mwanawe, fundi baiskeli, alikuwa anaoa. Mchumba alikuwa mshonaji, binti mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikuwa na sharti moja tu: hali chochote kilichotoka kwa mnyama, tangu utotoni alipomlea ndama kwa chupa na siku moja akamkuta mezani. Mama Karai aliliheshimu sharti hilo. Kila Ijumaa alimpakulia sahani ya chipsi iliyojaa pomoni, na soseji akazisogeza mbali, zisimfikie hata kwa harufu. Kwamba ng'ombe alikuwa ndani ya karai lenyewe, kusema kweli halikumpitia akilini. Kwake nyama ilikuwa nyama, na mafuta yalikuwa mafuta.

Mambo yalimgeukia siku ya kupimwa gauni lake la kuvaa harusini. Alikwenda kwenye duka la binti na zawadi, pakiti ya pipi laini, zile za kuvutika. Binti alishukuru, akaigeuza pakiti, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akaiweka taratibu kando ya cherehani.

"Hizi mpelekee mwanao, mama. Zina jelatini."

"Ndilo dudu gani hilo?"

"Wanachemsha ngozi na mifupa ya wanyama mpaka itoke kama gundi. Ndiyo inayofanya zivutike. Na huo wekundu wake, mara nyingine ni wadudu waliosagwa."

"Kwenye pipi?"

"Kwenye pipi, mama." Binti alicheka, akamzungushia utepe wa kupimia kiunoni. "Kila mahali wanamficha mnyama. Mimi nimechoka kuuliza uliza. Ni kwako tu ninakula moyo umetulia. Viazi, mafuta, chumvi, basi. Ndiyo maana nataka chipsi za harusi uzikaange wewe."

Hapo ndipo Mama Karai alipoukumbuka upawa. Kama mfupa uliochemshwa ni mnyama, na mafuta je? Akabana pumzi, na hakuiachia mpaka binti alipomaliza kupima.

Ijumaa iliyofuata hakugusa lile kopo. Kinyozi alirudi na sahani mkononi, imeliwa nusu.

"Mama Karai, unaumwa?"

"Niko mzima."

"Basi viazi ndivyo vinavyoumwa."

Binti alikula zake zote, akaaga vizuri. Mama Karai akajiambia yamekwisha, ya nyuma si yameshaliwa. Lakini hayakuwa yamekwisha. Akisema, harusi ingeweza kuvunjika na mwanawe asimsamehe. Akinyamaza, angeitwa mama maisha yake yote na mtu aliyemlisha ng'ombe kila wiki. Aliogopa yote mawili sawasawa.

Siku ya kujaribu gauni, lilikataa kufunga. Binti alivuta huku, akavuta kule, pini zikiwa mdomoni.

"Sijawahi kukosea kipimo," alisema, uso umemshuka. "Sijui nilikuwa nawaza nini. Samahani, mama, nitalifumua lote."

Kuombwa samahani ndiko kulikommaliza Mama Karai.

"Hukukosea. Nilikuwa nimebana pumzi."

"Kwa nini?"

Akamweleza kila kitu, kopo, upawa na mama yake, akiwa amesimama vile vile, gauni limemkaba mbavuni na mgongo uko wazi. Binti alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Tangu nilipoanza kuja?"

"Tangu sahani ya kwanza. Sikujua kama mafuta nayo yanahesabika, mwanangu. Nilipojua, nikaogopa."

"Na Ijumaa iliyopita?"

"Alizeti tupu."

"Nilijua kuna kitu. Nikasema masikini, mama amezeeka, mkono umepoteza ladha." Kicheko kilimponyoka, akakirudisha haraka. "Usione nacheka. Nimekasirika kweli kweli."

"Una haki."

"Nitakasirika mpaka wiki ijayo, labda zaidi. Na kuanzia leo nitakuuliza kila sahani."

"Niulize. Nitakujibu hata usipouliza." Mama Karai akamgeukia. "Na chipsi za harusi?"

Binti alikwenda mezani, akachukua mkasi na kuanza kukata nyuzi za ubavuni, taratibu, mpaka gauni likalegea. Kisha akavuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake.

"Kwa alizeti," alisema. "Tutaongeza vitunguu saumu, tuone kinyozi atasemaje. Haya, inua mikono, mama. Na safari hii pumua."

Mama Karai akapumua.